Sura ya Saba: Nyumba Imeuzwa, Deni Limebaki

Wenye mikopo ya nyumba Nairobi wana imani moja inayowaponza: kwamba mambo yakiharibika kabisa, benki itachukua nyumba na hesabu itafungwa. "Wachukue tu nyumba yao," mtu husema akiwa amechoka na simu za wakusanya madeni, kama kwamba kukabidhi funguo ni kulipa. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Nyumba iliwekwa kuwa dhamana ya deni. Ikiuzwa, fedha zake hupunguza deni kwa kiasi zilivyofika, na kisichofikiwa kinabaki shingoni mwa aliyeahidi kulipa. Upungufu huo huendelea kuzaa riba, na benki inaweza kumfuata nao mahakamani, kazini na hata nyumbani kwa aliyemdhamini.

Nimelichukua suala hili hadi Buruburu kwa sababu ni vigumu kutaja mtaa mwingine wa Eastlands uliosimama juu ya mkopo wa benki kama huu. Ulijengwa kwa awamu tano, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Baraza la Jiji la Nairobi likishirikiana na CDC, shirika la Uingereza la kufadhili maendeleo katika Jumuiya ya Madola. Wanunuzi walikopeshwa na Housing Finance Company of Kenya, kampuni iliyoundwa mwaka 1965 na serikali pamoja na CDC hiyo hiyo. Karani wa serikali, mwalimu, mfanyakazi wa shirika la umma, wote waliingia katika nyumba zile za vigae vyekundu wakiwa na deni la miaka mingi. Wengi walilimaliza. Wengine walikumbwa na miaka ya 1990. Katikati ya 1993 riba ya hati za Hazina za siku 91 ilipita asilimia 70, na riba za mikopo, ambazo mkataba huruhusu zipande, zikapanda nazo. Baadaye ikaja zamu ya kupunguza wafanyakazi wa serikali. Mtu aliyehesabu mshahara wake hadi mwaka wa kustaafu alijikuta hana mshahara, na kiasi cha kulipa kila mwezi si kile alichotia sahihi.

Siku hizi nyumba ya Buruburu inayofika mnadani mara nyingi ina historia nyingine. Mwishoni mwa 2023 Benki Kuu ilihesabu mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu nchi nzima, idadi ndogo mno kwa taifa la watu zaidi ya milioni 50. Lakini hesabu hiyo haiingizi mikopo ya biashara iliyolindwa na hati za nyumba za kuishi, na hapo ndipo Eastlands inapoumia. Mama amemaliza kulipia nyumba zamani, hati iko kabatini. Mwanawe ana duka la vipuri au matatu mbili, amepata zabuni, anahitaji milioni kadhaa haraka. "Mama, ni sahihi tu. Miaka miwili nitakuwa nimelipa." Mama anavaa vizuri, anapelekwa kwa wakili mjini, anawekewa mbele karatasi zenye kurasa thelathini au arobaini kwa Kiingereza cha mahakama, na anaonyeshwa mahali pa kutia sahihi.

Karatasi zile zingefaa zisomwe polepole kuliko kitu kingine chochote katika maisha ya familia ile, kwa maana zinaweza kuwa na mambo mawili tofauti ndani yake. La kwanza ni rehani: mama anaweka nyumba yake ilinde deni la mwanawe. Kama ametia sahihi hilo peke yake, hatari yake inaishia kwenye nyumba. Ikiuzwa na fedha zisitoshe, upungufu ni wa mkopaji. La pili ni ahadi ya mtu binafsi, ambayo huja kama kifungu ndani ya hati ya rehani au kama karatasi ya udhamini iliyo pembeni. Hapo mama anasema kwamba atalipa yeye mwenyewe. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinairuhusu benki kumshtaki mweka rehani kwa ajili ya fedha pale ambapo amejifunga binafsi kulipa. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakili, kabla kalamu haijagusa karatasi, ni hili: nyumba hii ikiuzwa na pesa zisitoshe, nani atadaiwa? Na jibu litoke kwa wakili wako, si kwa wakili wa benki.

Tofauti hiyo inawahusu pia wanandoa. Sheria inataka idhini ya mume au mke kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani, na rehani isiyo na idhini hiyo si halali. Aliyetoa idhini tu hajawa mdaiwa. Aliyetia sahihi kama mkopaji mwenza au mdhamini ni mdaiwa kamili, na benki haina wajibu wa kumgawanyia deni nusu kwa nusu. Inaweza kumdai lote yule mwenye mshahara. Ndoa nyingi zilizovunjika zimeugundua ukweli huu wakati mmoja amekwisha kuhama.

Sasa tuje kwenye miezi ile ambayo upungufu hutengenezwa. Nasema hutengenezwa kwa kusudi, kwa sababu siku ya mnada haileti upungufu wote. Sehemu kubwa yake hukua kati ya siku malipo yaliposimama na siku nyundo ilipogonga.

Sheria inampa mkopaji muda. Malipo yakikosekana kwa mwezi mzima, benki inaweza kutoa ilani chini ya kifungu cha 90 cha Sheria hiyo ya Ardhi, ikieleza kosa ni lipi, kiasi gani kilipwe, na muda wa kulipa usiopungua miezi 3. Usipolipa, inafuata ilani ya kuuza ya siku zisizopungua 40, ambayo nakala yake humwendea pia mwenzi na mdhamini. Kisha dalali, kwa mujibu wa Kanuni za Madalali za 1997, hutoa ilani yake ya siku 45, na baada ya hapo mnada hauwezi kufanywa kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Hatua hizo zikifuatana moja baada ya nyingine, ni zaidi ya miezi 7 hata kama hakuna aliyechelewa. Kwa kawaida kuna wa kuchelewa, na kesi ikiingia katika mahakama za Milimani, Nairobi, miezi huwa miaka.

Wanasheria wa wakopaji hupenda kuzishambulia ilani, na mahakama zimewapa sababu. Katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Eros Chemists, mwaka 2000, Mahakama ya Rufani ilisisitiza chini ya sheria ya zamani kwamba ilani isiyomweleza mdaiwa waziwazi kwamba nyumba itauzwa muda wa miezi 3 ukiisha haifai kitu. Ulinzi huo ni wa haki na ningeupigania. Lakini mkopaji aelewe anachopata. Ilani mbovu ikibatilishwa, benki huandika nyingine. Mnada umesimama, riba haikusimama. Nimesoma hukumu nyingi za zuio la muda ambapo familia ilishinda mwaka mmoja wa kukaa katika nyumba na ikaulipia mwaka huo kwa bei kubwa kuliko kodi ya nyumba yoyote ya mtaa huo. Zuio lina maana kama kuna kitu kinachokuja: mnunuzi, malipo ya kiinua mgongo, mshirika wa biashara, au mgogoro wa kweli juu ya kiasi kinachodaiwa. Kama hakuna, linaongeza deni.

Tuchukue mfano wenye tarakimu. Ni wa kubuni, lakini si wa ajabu kwa mtaa huu. Nyumba ya vyumba vitatu ina thamani ya soko ya shilingi 12,000,000. Malipo yanaposimama, deni ni 9,600,000 na riba ni asilimia 15 kwa mwaka, yaani 120,000 kila mwezi hata bila adhabu.

Mkopaji wa kwanza anasubiri. Miezi 18 inapita kati ya barua, mazungumzo na mahakama. Riba imefika 2,160,000, deni ni 11,760,000. Mnadani nyumba inachukuliwa kwa 9,200,000. Kabla ya deni kuguswa, kifungu cha 101 kinataka vitangulie ada na kodi za ardhi zilizolimbikizwa, kisha gharama za kuuza: dalali, wakili, mthamini, matangazo. Tuseme jumla ni 600,000. Zinazofika kwenye deni ni 8,600,000. Familia imehama, na bado inadaiwa 3,160,000.

Mkopaji wa pili, mwenye nyumba ile ile, anakwenda benki mwezi wa kwanza na kuomba ruhusa ya kuuza mwenyewe. Mwezi wa tatu anapata mnunuzi wa 11,500,000, chini kidogo ya bei ya soko kwa sababu ana haraka. Benki inaachilia hati kwa ahadi ya kitaaluma ya wakili wa mnunuzi kwamba deni litalipwa. Deni ni 9,960,000, ada na gharama 550,000. Anabaki na 990,000 mkononi. Kati ya watu hawa wawili kuna tofauti ya shilingi 4,150,000, na haikutokana na kipato, elimu wala bahati. Imetokana na kuuza mapema kwa mkono wako.

Najua kwa nini wengi hawauzi. Kuuza nyumba ambayo watoto walizaliwa ndani yake, majirani wakiona, ni aibu ambayo mtu angependa aikwepe hata kwa mwezi mmoja zaidi. Na anaamini zabuni italipwa. Wizara na kaunti hucheleweshea wafanyabiashara malipo kwa miaka, na hapa lawama si ya mkopaji. Lakini benki haikopeshi kwa kalenda ya serikali.

Bei ya mnada nayo ina sheria yake, na mkopaji akiijua ana pa kushika. Kifungu cha 97 kinaibebesha benki wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana wakati wa kuuza, na kabla ya kuuza ni lazima mthamini atoe thamani ya mauzo ya lazima. Bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki imevunja wajibu wake, mpaka ithibitishe vinginevyo. Turudi kwenye mfano wetu. Robo ya 12,000,000 ni 3,000,000, kwa hiyo mstari uko kwenye 9,000,000. Nyumba iliuzwa kwa 9,200,000, juu kidogo ya mstari. Nimeweka tarakimu hiyo makusudi, kwa sababu pengo kati ya thamani ya soko na thamani ya mauzo ya lazima, ambayo wathamini huiweka kwa kawaida karibu na robo tatu ya soko, linaiacha bei ya mnada ikae jirani na mpaka huo mara kwa mara.

Ubishi wa kweli basi ni juu ya thamani ya soko yenyewe. Soma tangazo la mnada lolote gazetini: namba ya hati, ukubwa wa kiwanja, "nyumba ya ghorofa yenye vyumba vitatu, sebule, jiko, chumba cha mtumishi", masharti ya kulipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 90. Sasa tembea Buruburu. Mbele ya nyumba nyingi, pale palipokuwa bustani, pana duka, saluni, vyumba vya kupangisha vilivyopanda hadi ghorofa ya pili au ya tatu. Mwenye nyumba anavihesabu kama nusu ya mali yake kwa sababu vinamwingizia kodi kila mwezi. Mthamini akikuta vimejengwa bila kibali cha kaunti anaweza kuvipa thamani ndogo, au asivipe kabisa. Mwenye vibali na mikataba ya wapangaji amwonyeshe mthamini siku anapokuja. Asimfungie lango kwa hasira. Na mwenye shaka na thamani ya benki aagize ya kwake kutoka kwa mthamini aliyesajiliwa, mapema. Mahakama zimerudia kusema kwamba kulalamika kuwa bei ni ndogo hakutoshi, na ripoti iliyoletwa baada ya nyumba kuuzwa haina uzito wa ile iliyowekwa mbele ya benki kabla.

Nyundo ikishagonga, haki ya kuikomboa nyumba imekwisha, na kifungu cha 99 kinamlinda mnunuzi asiyehusika na hila. Aliyeuziwa vibaya hubaki na dai la fidia dhidi ya aliyeuza. Watu huliona dai hilo kama kifuta machozi. Mimi naona thamani yake iko hasa kwenye upungufu: benki ikikushtaki kwa 3,160,000, nawe ukathibitisha kwamba iliuza chini ya bei ambayo ingepatikana, fidia yako hukatwa kwenye dai lao. Bila ushahidi uliouhifadhi tangu mwanzo, huna cha kukata.

Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema, lakini hawakusema ulipe kiasi ambacho hukukiona kimehesabiwa. Baada ya mnada, jambo la kwanza ni kudai hesabu kamili: deni lilikuwa kiasi gani siku ya mauzo, nyumba iliuzwa kwa bei gani, kila gharama ilikuwa ya nini na risiti yake iko wapi, na riba inatozwa kwa kiwango gani tangu hapo. Hesabu hiyo wakati mwingine huonyesha ziada badala ya upungufu, na ziada ni mali ya mweka rehani kwa sheria.

Kipimo cha pili cha hesabu ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, jambo ambalo kwa kawaida hutokea malipo yakipitisha siku 90, benki haiwezi kudai riba inayozidi msingi uliokuwa unadaiwa siku hiyo. Juu yake huongezwa gharama halali za kukusanya deni. Katika mfano wetu, deni haliwezi kupita 19,200,000 pamoja na gharama hizo, hata ipite miaka mingapi. Ni dari ya juu, lakini ni dari, na inagusa hata mikopo iliyotolewa kabla ya kifungu hicho kuanza. Walioshindwa miaka ya 1990 hawakuwa nayo. Madeni yalikua mara tatu na mara nne ya fedha zilizokopwa.

Benki ikiamua kushtaki, upungufu usiozidi 1,000,000 unaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Mengine huenda kwa hakimu au Mahakama Kuu. Hukumu ikitoka, sheria inakinga theluthi mbili za mshahara na zana za kazi. Theluthi moja inaweza kukatwa kila mwezi. Kifungo cha deni bado kipo, ila mahakama hairuhusiwi kumfunga mtu kwa sababu tu hana: ni lazima aitwe, asikilizwe, na ionekane kwamba anacho na anakataa. Na tahadhari kwa wanaokaribia kustaafu: tangu 2009 mwanachama wa mfuko wa pensheni anaweza kuweka hadi asilimia 60 ya akiba yake kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Akiba ya uzeeni kwa kawaida haiguswi na wadai. Iliyowekwa dhamana imekwisha kufunguliwa mlango.

Aliyelemewa kabisa ana Sheria ya Ufilisi ya 2015. Inaruhusu makubaliano na wadai wote chini ya msimamizi, na kwa asiye na mali, mwenye madeni kati ya 100,000 na 4,000,000, kuna utaratibu unaoweza kumfungulia baada ya miezi 12. Wachache wanautumia kwa sababu neno ufilisi linatisha. Mtu wa mfano wetu, mwenye upungufu wa 3,160,000 na asiye na mali nyingine, anaweza kuingia humo, mradi madeni yake mengine hayamvushi kiwango.

Si kila nchi inamwachia mkopaji mzigo wote. Katika jimbo la California, Marekani, sheria ya tangu miaka ya 1930 inamkinga aliyekopa ili anunue nyumba ya kuishi: ikiuzwa, upungufu wa mkopo ule wa kununulia ni wa benki. Uhispania haikuwa na kinga hiyo, na baada ya mwaka 2008 familia zilifukuzwa majumbani zikabaki na madeni. Mwaka 2009 huko Barcelona ilizaliwa harakati ya PAH, ikidai kukabidhi nyumba kuwe malipo kamili. Mwaka 2012 serikali ilikubali kwa sehemu, kwa familia maskini sana, katika benki zilizojiunga na utaratibu huo.

Msimamo wangu ni kwamba Kenya haihitaji kunakili California, lakini hali ya sasa si ya haki. Benki ndiyo iliyomkubali mthamini mwanzoni ilipokopesha, ndiyo iliyomchagua mthamini wa mwisho ilipouza, na ndiyo iliyoamua lini dalali atumwe. Anayeshika usukani kiasi hicho abebe sehemu ya ajali. Bunge lingeweza kufanya mambo mawili kwa nyumba ambayo mkopaji anaishi ndani yake: riba juu ya upungufu isimame siku ya nyundo, na benki ipoteze haki ya kudai upungufu kama haikumpa mkopaji hesabu yenye risiti ndani ya siku 30. Yote mawili hayagusi mtaji wa benki inayotoa hesabu yake kwa wakati. Yanaifanya iuze kwa uangalifu.

Mpaka hapo sheria itakapobadilika, wewe ambaye nyumba yako imeuzwa, au ya mama yako kwa ajili yako, andika barua leo ya kudai hesabu ya mauzo. Taja namba ya mkopo, namba ya hati na tarehe ya mnada. Ipeleke tawini kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uihifadhi. Na usikubali kwa maandishi kiasi chochote cha deni kabla hesabu hiyo haijakufikia, kwa sababu chini ya sheria ya ukomo wa madai, maandishi ya kukiri deni huanza kuhesabu miaka upya.